Ugawaji wa kumbukumbu katika kiini cha mfumo wa uendeshaji

Ugawaji wa kumbukumbu katika kiini cha mfumo wa uendeshaji ni kazi ya kutoa vipande vya kumbukumbu ya kompyuta, yaani RAM, kwa sehemu mbalimbali za kiini na kwa viendeshaji vya vifaa, na kuvirudisha katika akiba vinapokuwa havihitajiki tena. Kiini, ambacho huitwa pia kerneli, ni sehemu ya mfumo wa uendeshaji inayosimamia prosesa, kumbukumbu na vifaa vyote vya kompyuta. Kiendeshaji, au draiva, ni programu inayokiwezesha kiini kuwasiliana na kifaa fulani, kwa mfano kadi ya mtandao.

Kazi hii ni ngumu zaidi ndani ya kiini kuliko ndani ya programu za kawaida. Programu ya kawaida ikikosa kumbukumbu hufungwa, na kompyuta huendelea na shughuli nyingine. Kiini kikikosa kumbukumbu, au kikiitumia vibaya, kompyuta nzima inaweza kusimama, mtandao unaweza kukatika, au siri zilizomo ndani ya RAM zinaweza kutoka nje.

Hitilafu hizi hutokea hata katika kompyuta yenye kumbukumbu nyingi iliyo wazi. Sababu ni kwamba mara nyingi kiini hakiombi kumbukumbu yoyote tu, bali kumbukumbu ya namna fulani: iliyoshikana, inayopatikana papo hapo, au iliyo mahali ambapo kifaa kinaweza kuifikia. Wingi wa kumbukumbu peke yake hautoshi kutimiza masharti hayo.

Makala hii inaeleza hasa hali ya Linux, kiini kilichoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991. Linux hutumika katika seva nyingi, katika ruta na katika simu za Android. Mifumo mingine, kama vile FreeBSD na Windows, ina matatizo yanayofanana.

Misingi

Kiini huigawa RAM katika vipande vya ukubwa sawa viitwavyo kurasa. Katika kompyuta nyingi ukurasa mmoja una baiti 4,096, yaani kilobaiti 4. Hivyo kompyuta yenye gigabaiti 1 ya RAM ina kurasa 262,144. Kiini hutunza hesabu ya kila ukurasa: kama uko wazi au unatumika, na unatumika kwa kazi gani.

Programu ya kawaida haioni kurasa halisi. Hupewa anwani pepe, na prosesa huzigeuza kuwa anwani halisi kwa kufuata majedwali yaliyoandaliwa na kiini. Kwa hiyo kurasa zilizotawanyika huku na huko katika RAM huonekana kwa programu kama eneo moja lisilokatika. Tena programu inaweza kusubiri. Ikiomba kumbukumbu wakati hakuna iliyo wazi, kiini huisimamisha kwa muda, huhamishia kurasa zisizotumika sana kwenye diski, kisha huiruhusu iendelee.

Kiini chenyewe hakina nafasi hiyo kila mara. Sehemu kubwa ya kumbukumbu yake imepangwa sambamba na anwani halisi, kurasa zake hazihamishwi kwenda kwenye diski, na baadhi ya kazi zake haziruhusiwi kusimama na kusubiri hata kidogo.

Historia

Njia ya msingi ya kugawa kurasa katika Linux ni ile ya vipande pacha. Ilibuniwa na Harry Markowitz mwaka 1963, na Kenneth Knowlton akachapisha maelezo yake mwaka 1965. Katika njia hii kipande kikubwa hukatwa nusu kwa nusu mpaka kipatikane kipande kinachotosha ombi. Kwa mfano, kipande cha kurasa 8 hukatwa kuwa viwili vya kurasa 4, na kimoja cha hivyo hukatwa kuwa viwili vya kurasa 2. Nusu mbili zilizotokana na kipande kimoja huitwa pacha. Zote mbili zinaporudishwa huunganishwa tena. Kumtafuta pacha ni kazi nyepesi kwa sababu anwani za mwanzo za vipande hivyo viwili hutofautiana kwa biti moja tu.

Katika Linux ukubwa wa kipande hutajwa kwa daraja. Daraja 0 ni ukurasa 1, daraja 1 ni kurasa 2, daraja 2 ni kurasa 4, na kuendelea hivyo mpaka daraja 10, ambalo kwa kawaida ni kurasa 1,024 au megabaiti 4. Ubaya wa njia hii ni kwamba anayehitaji kurasa 5 hutolewa kipande cha kurasa 8.

Vitu vingi ndani ya kiini ni vidogo kuliko ukurasa mmoja. Kwa ajili hiyo Jeff Bonwick wa kampuni ya Sun Microsystems alieleza mwaka 1994 kigawaji cha slabu, kilichotumika katika mfumo wa SunOS 5.4. Bonwick alitambua kwamba kiini huomba na kurudisha vitu vya aina ileile mara nyingi sana. Badala ya kuanza upya kila mara, kigawaji chake huchukua kurasa chache, huzigawa katika vyumba vya ukubwa unaolingana na kitu kinachohitajika, na hutunza vyumba vilivyorudishwa vikiwa tayari kwa mwombaji anayefuata. Linux ilichukua wazo hilo. Kigawaji kinachotumika siku hizi, SLUB, kiliandikwa na Christoph Lameter na kuingizwa katika toleo la 2.6.22 mwaka 2007. Kigawaji cha zamani, SLAB, kiliondolewa katika toleo la 6.8 mwaka 2024.

Upande wa mtandao, mfumo wa 4.2BSD uliotolewa na Chuo Kikuu cha California huko Berkeley mwaka 1983 ulikuwa na bafa maalumu za pakiti zilizoitwa mbuf, kila moja ikiwa na baiti 128. Bafa ni sehemu ya kumbukumbu inayohifadhi data kwa muda wakati inasubiri kushughulikiwa. Pakiti ndefu ilihifadhiwa katika mnyororo wa mbuf kadhaa. Kwa namna hiyo haikuwa lazima kutafuta kipande kimoja kikubwa kwa kila pakiti.

Kwa nini viendeshaji vya mtandao huathirika zaidi

Diski hutoa data inapoombwa tu. Kadi ya mtandao ni tofauti: pakiti hufika wakati wowote anapopenda mtumaji aliye mbali, na kompyuta haina njia ya kujua mapema ni ngapi zitakuja. Kiendeshaji hujiandaa kwa kufuata hatua hizi:

1. Kiendeshaji huomba bafa mapema na kuandika anwani zake katika foleni ya mviringo inayosomwa na kadi.
2. Pakiti inapofika, kadi huiandika moja kwa moja katika bafa iliyo mbele kwenye foleni, bila kupitia prosesa. Njia hii huitwa DMA.
3. Kadi hutuma kwa prosesa ishara ya kukatiza. Kiendeshaji huiondoa bafa iliyojaa na kuikabidhi kwa sehemu ya kiini inayoshughulikia itifaki za mtandao.
4. Kiendeshaji huomba bafa mpya na kuiweka mahali pa ile iliyoondoka.

Hatua ya nne ndiyo yenye hatari. Ombi la bafa mpya hufanywa wakati pakiti nyingine ziko njiani, na muda uliopo ni mfupi sana. Katika kiungo cha Etherneti cha gigabiti 1 kwa sekunde, fremu kamili pamoja na nafasi inayoitenganisha na fremu inayofuata huchukua baiti 1,538, yaani mikrosekunde 12.3 hivi. Foleni yenye bafa 256 hujaa kwa milisekunde 3 hivi. Fremu zikiwa ndogo kabisa, kiungo hicho kinaweza kuleta fremu 1,488,095 kwa sekunde moja. Katika kiungo cha gigabiti 10 kwa sekunde, fremu ndogo zinaweza kufuatana kwa kila nanosekunde 67.

Foleni ikijaa kabla ya bafa mpya kupatikana, kadi haina pa kuandika, na pakiti zinazofika hutupwa.

Matatizo makuu

Mmeguko wa kumbukumbu

Mmeguko ni hali ya kumbukumbu iliyo wazi kutawanyika katika vipande vidogo visivyoshikana. Mfano wake ni basi lenye viti vinane vilivyo wazi, lakini kila kimoja kikiwa kando ya abiria aliyekwisha kukaa. Abiria mmojammoja watapata viti bila shida, lakini mama mwenye watoto watatu anayetaka viti vinne vilivyofuatana hatapata. Vivyo hivyo, katika kurasa 16 ambazo kila ya pili inatumika, kilobaiti 32 ziko wazi, na hata hivyo ombi la kilobaiti 8 zilizoshikana litakataliwa.

Viendeshaji vya mtandao hukutana na tatizo hili hasa vinapopokea fremu kubwa za baiti 9,000 zinazotumika katika baadhi ya mitandao ya seva. Kwa hesabu ya kawaida fremu hiyo ingeenea katika kurasa 3, lakini njia ya vipande pacha hutoa 4. Baadhi ya kadi za zamani zilikubali tu bafa ya ukubwa ambao ni kipeo cha mbili, kwa hiyo baiti 9,000 zilipandishwa hadi 16,384. Kiini nacho huongeza baiti zake chache za maelezo katika bafa hiyohiyo. Nyongeza hiyo ndogo ilitosha kulivusha ombi zima hadi baiti 32,768, yaani kurasa 8 zilizoshikana kwa kila pakiti.

Kompyuta iliyowashwa karibuni hutimiza maombi hayo kwa urahisi. Baada ya siku au wiki nyingi za kazi, kurasa huwa zimetawanyika na maombi huanza kukataliwa. Ndiyo maana hitilafu hii huonekana muda mrefu baada ya seva kufungwa, na hutoweka kompyuta inapozimwa na kuwashwa upya. Fundi anaweza kudhani ameiponya, kumbe itarudi.

Kutoruhusiwa kusubiri

Ombi la kumbukumbu ndani ya Linux huambatana na alama inayoeleza mwombaji yuko katika hali gani. Alama ya GFP_KERNEL humaanisha kwamba mwombaji anaweza kusubiri kiini kitafute nafasi. Alama ya GFP_ATOMIC humaanisha kwamba hawezi kusubiri, kwa mfano kwa sababu anashughulikia ishara ya kukatiza au ameshika kufuli ambalo wengine wanalingojea. Ombi la namna hii hutimizwa papo hapo au hukataliwa papo hapo.

Kwa ajili ya maombi yasiyoweza kusubiri, kiini hutenga akiba ya kurasa ambazo waombaji wa kawaida hawaruhusiwi kuzigusa. Kosa linaweza kutokea kwa pande mbili. Mwandishi wa kiendeshaji akitumia GFP_KERNEL mahali pasiporuhusu kusubiri, prosesa inaweza kukwama. Akitumia GFP_ATOMIC kila mahali kwa kujihadhari, akiba humalizwa na waombaji ambao wangeweza kusubiri, na wale wasioweza hukosa.

Mahali ilipo kumbukumbu

Si kila kifaa kinaweza kufikia RAM yote. Vifaa vya zamani vya basi ya ISA vilitumia anwani za biti 24, na hivyo vilifikia megabaiti 16 za mwanzo tu. Vifaa vyenye anwani za biti 32 hufikia gigabaiti 4. Linux hugawa RAM katika kanda kwa kuzingatia mipaka hiyo. Kanda ya chini inaweza kuisha wakati kanda za juu zina nafasi tele.

Bafa ikiwa juu ya mpaka wa kifaa, kiini hulazimika kunakili data kupitia bafa ya kati iliyo chini ya mpaka. Kunakili huko hula muda wa prosesa, na eneo la bafa za kati lina kikomo. Katika kompyuta za kawaida za x86 kikomo hicho huwa megabaiti 64 kisipobadilishwa.

Foleni kukauka

Kadi hutuma ishara inapopokea pakiti. Ikiwa foleni haina bafa hata moja, kadi haipokei kitu. Kiendeshaji kinachosubiri ishara ndipo kiombe bafa basi hakitaamshwa tena. Kumbukumbu inaweza kupatikana baada ya sekunde moja, lakini mtandao ukabaki umekufa mpaka msimamizi auwashe upya. Upungufu wa muda mfupi huwa umezaa hitilafu ya kudumu.

Mkwamo

Mkwamo hutokea pale ambapo kazi mbili zinangojeana na hakuna inayoweza kutangulia. Mfano unaojulikana ni wa kompyuta inayohamishia kurasa zake kwenye diski iliyo mbali kupitia mtandao. Kumbukumbu inapokaribia kwisha, kiini huamua kupeleka kurasa kwenye diski hiyo. Ili kuzipeleka ni lazima kitume pakiti, na ili kujua kwamba zimefika ni lazima kipokee majibu. Kutuma na kupokea kunahitaji kumbukumbu, na kumbukumbu ndiyo iliyokwisha.

Tatizo hili lilitatuliwa katika Linux 3.6 ya mwaka 2012. Kazi hiyo ilianzwa na Peter Zijlstra na kukamilishwa na Mel Gorman. Mawasiliano ya diski ya mbali yaliruhusiwa kutumia akiba ya dharura. Pakiti nyingine yoyote iliyopokelewa katika bafa ya akiba hiyo hutupwa mara moja, ili nafasi ibaki kwa majibu yanayongojewa.

Uvujaji wa kumbukumbu

Uvujaji hutokea pale kiendeshaji kinapochukua kumbukumbu na kusahau kuirudisha. Programu ya kawaida inapofungwa, kiini hukusanya kila kitu ilichokuwa nacho. Kiini chenyewe hakifungwi mpaka kompyuta izimwe, kwa hiyo kilichovuja kimepotea.

Sehemu kubwa ya uvujaji hujificha katika njia za makosa ambazo hupitwa mara chache, kama vile kushughulikia pakiti iliyoharibika. Haba na haba hujaza kibaba: baiti 256 zikisahauliwa kwa kila pakiti mbovu, na pakiti mbovu 100 zikifika kila sekunde, zaidi ya gigabaiti 2 hupotea kwa siku moja. Mtu mwenye nia mbaya akigundua njia hiyo, anaweza kuisimamisha seva kwa kuitumia pakiti mbovu makusudi.

Kutumia kumbukumbu iliyokwisha kurudishwa

Kosa lililo kinyume cha uvujaji ni kurudisha kumbukumbu mapema mno. Kipande kilichorudishwa hupewa mwombaji mwingine. Mwenye kukitumia kwa anwani ya zamani atasoma au kuharibu data isiyo yake. Kwa kuwa pakiti moja hupita mikononi mwa sehemu nyingi za kiini, kila bafa hubeba hesabu ya watumiaji wake, na hurudishwa hesabu hiyo inapofika sifuri. Kosa la kuongeza au kupunguza moja katika hesabu hiyo linaweza kumpa mshambulizi mamlaka juu ya kompyuta nzima.

Mabaki ya data ya zamani

Kumbukumbu inayotolewa upya huwa na mabaki ya aliyeitumia kabla. Mwezi wa Januari 2003 Ofir Arkin na Josh Anderson wa kampuni ya @stake walitangaza kasoro waliyoiita Etherleak. Fremu ya Etherneti ni lazima ibebe angalau baiti 46 za data. Pakiti ya ARP ina baiti 28 tu, kwa hiyo baiti 18 zinazopungua hujazwa na mtumaji. Viendeshaji vya aina nyingi havikujaza sifuri, bali vilirefusha fremu na kutuma chochote kilichokuwamo katika bafa. Yeyote aliyekuwa katika mtandao huohuo aliweza kukusanya vipande vya kumbukumbu ya kiini cha kompyuta nyingine, vikiwa pamoja na sehemu za mawasiliano ya watu wengine.

Njia za kupunguza matatizo

Kupanga kurasa. Kwa kazi ya Mel Gorman, Linux 2.6.24 ya mwaka 2008 ilianza kutenganisha kurasa zinazoweza kuhamishwa na zile zisizohamishika, ili ukurasa mmoja usiohamishika usizuie eneo kubwa. Linux 2.6.35 ya mwaka 2010 iliongeza ubananishaji, yaani kusogeza kurasa zinazotumika upande mmoja ili zilizo wazi zishikane. Kwa mfano wa basi, abiria huombwa kusogea. Kazi hiyo huchukua muda, kwa hiyo mwombaji asiyeweza kusubiri hafaidiki nayo moja kwa moja, bali hukuta matokeo ya ubananishaji uliotangulia.

Kuacha kuomba vipande vikubwa. Kadi nyingi za sasa zinaweza kuigawa pakiti moja katika bafa kadhaa. Fremu ya baiti 9,000 huwekwa katika kurasa tatu zilizo mahali mbalimbali, na kila ombi huwa la daraja 0. Ombi la namna hiyo haliathiriwi na mmeguko.

Kutumia bafa zilezile. Badala ya kurudisha kurasa kwa kigawaji na kuziomba tena, kiendeshaji huzitunza katika hazina yake. Linux 4.18 ya mwaka 2018 iliingiza hazina ya pamoja iitwayo page_pool, iliyoandikwa na Jesper Dangaard Brouer, ambayo viendeshaji vya mtandao vinaweza kuitumia bila kila kimoja kujitengenezea yake.

Kuomba kabla ya kutoa. Kiendeshaji huomba bafa mpya kwanza. Ikipatikana, hutoa ile iliyojaa na kuweka mpya mahali pake. Isipopatikana, huitupa pakiti iliyofika na kuirudisha bafa ileile katika foleni. Pakiti moja hupotea, lakini foleni haikauki. Itifaki kama TCP hutambua kwamba pakiti imepotea na kuituma tena, kwa hiyo hasara hiyo ni ndogo kuliko ya mtandao kukatika.

Kujaribu tena baadaye. Kiendeshaji kilichokosa bafa hupanga kazi itakayojaribu tena baada ya muda mfupi, bila kungojea ishara ya kadi. Kiendeshaji cha virtio_net, kinachotumika katika kompyuta pepe, hufanya hivyo.

Kupima na kuchunguza. Kifaa cha kmemleak, kilichoingizwa katika Linux 2.6.31 mwaka 2009, hutafuta vipande ambavyo hakuna anayeelekeza kwao tena. Kifaa cha KASAN, kilichoingizwa katika toleo la 4.0 mwaka 2015, hukamata matumizi ya kumbukumbu iliyokwisha kurudishwa. Kiini pia kinaweza kuamriwa kukataa baadhi ya maombi makusudi, ili waandishi waone kama njia zao za makosa zinafanya kazi.

Lugha ya Rust. Sehemu kubwa ya Linux imeandikwa kwa lugha ya C, ambayo humwachia mwandishi jukumu lote la kurudisha kumbukumbu. Tangu toleo la 6.1 la mwaka 2022, Linux inakubali pia msimbo wa Rust, lugha inayokagua umiliki wa kumbukumbu wakati wa kutafsiri programu. Hata hivyo Rust haiondoi mmeguko wala upungufu. Ombi bado linaweza kukataliwa, na mwandishi bado anapaswa kuamua la kufanya.

Hali katika mifumo mingine

FreeBSD imeendelea kutumia mbuf za ukoo wa BSD. Hutoa pia bafa za baiti 2,048, za ukubwa wa ukurasa, za kilobaiti 9 na za kilobaiti 16. Bafa za kilobaiti 9 na za kilobaiti 16 zinahitaji kurasa zilizoshikana, na kwa hiyo ndizo zinazoathiriwa na mmeguko. Bafa za ukubwa wa ukurasa hazina tatizo hilo.

Windows hugawa kumbukumbu ya kiini katika hazina mbili: moja ambayo kurasa zake zinaweza kuhamishiwa kwenye diski, na nyingine ambayo kurasa zake hubaki katika RAM daima. Kiendeshaji kinachogusa ukurasa uliohamishwa wakati hakiruhusiwi kusubiri huiangusha kompyuta nzima, na mtumiaji huona skrini ya hitilafu yenye maneno IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL. Kila ombi hubeba jina fupi lisilozidi herufi nne, linalosaidia kumjua aliyeacha kumbukumbu ivuje.

MINIX 3, iliyotangazwa na Andrew Tanenbaum na wenzake mwaka 2005, ilifuata njia nyingine. Viendeshaji vyake huendeshwa nje ya kiini kama programu za kawaida. Kiendeshaji cha mtandao kikianguka, mfumo hukianzisha upya na kompyuta huendelea.

Kutambua tatizo

Linux ikikataa ombi la kurasa, kwa kawaida huandika katika daftari la matukio ujumbe wenye maneno "page allocation failure", ukifuatwa na neno "order" na namba ya daraja. Namba hiyo ndiyo ya kuangaliwa kwanza. Ikiwa ni 0, basi kumbukumbu au akiba yake imekwisha kweli. Ikiwa ni 2, 3 au zaidi huku kumbukumbu iliyo wazi ikiwa nyingi, tatizo ni mmeguko.

Faili la /proc/buddyinfo huonyesha idadi ya vipande vilivyo wazi katika kila daraja, kuanzia daraja 0 upande wa kushoto. Namba kubwa upande wa kushoto na sifuri upande wa kulia ni dalili ya mmeguko. Faili la /proc/slabinfo huonyesha vitu vidogo. Aina moja ikiongezeka kila siku bila kupungua, yaelekea kuna uvujaji.

Msimamizi anaweza kuongeza akiba ya dharura kwa kubadilisha thamani ya vm.min_free_kbytes, kupunguza ukubwa wa fremu hadi baiti 1,500 za kawaida, au kuweka toleo jipya la kiendeshaji linaloomba kurasa mojamoja. Kuongeza RAM husaidia pale ambapo RAM ni haba. Pale ambapo tatizo ni mmeguko au uvujaji, RAM zaidi huchelewesha tu siku ya hitilafu, kwa sababu nayo itatawanyika au kuvuja kama ile iliyotangulia.